Bibi wa Bwawani

Mwaka jana, kama ungemtaka Malimi siku ya gulio, usingehangaika kumtafuta nyumbani. Ungekwenda nyuma ya maduka ya pembejeo, hapo hapo Bariadi mjini, ukafuata kelele. Ungelikuta banda la gemu la Constantine: mabati juu, maturubai pembeni, joto la kuivisha viazi, na watu wazima na akili zao wamebanana kwenye mabenchi wakikodolea televisheni moja. Pembeni ya televisheni angekuwa amesimama mwanaume mwembamba, kipaza sauti mkononi, jasho linamtiririka, anasimulia. Huyo ndiye Malimi, na hakuna mtu mjini aliyekuwa na mdomo kama wake. Ningesema Mungu alimjalia, lakini baada ya yaliyotokea sina hakika kama Mungu alihusika.

Hakuzaliwa na kipaza sauti. Alizaliwa kijijini, upande wa Migato, akafiwa na mama kabla hajaota meno. Baba yake alikwenda machimboni kutafuta maisha, na maisha yakamtafuna huko huko. Aliyebaki ni dada wa baba, Milembe, ambaye Malimi anamwita sengi, kama Wasukuma wanavyomwita shangazi. Milembe aliolewa, hakupata mtoto, akarudishwa kwao kama jembe lililovunjika mpini. Akakipokea kichanga cha kaka yake, akakilea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama. Jioni Malimi akichelewa kurudi kuchunga, sengi alisimama nje ya boma na kuita kwa sauti yake nyembamba inayopanda mwishoni: "Njoo baba, njoo unywe uji!" Kijiji kizima kilijua kwamba kwa Milembe uji umeiva.

Huyo Milembe mkono wake wa kulia una vidole vinne. Cha tano kilikwenda na mnyororo wa plau msimu mmoja wa pamba, akafunga kitambaa akaendelea kulima. Na macho yake ni mekundu. Ya moshi, jamani! Huko kuni zimekwisha siku nyingi, watu wanapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, na mwanamke aliyeuinamia moshi huo tangu usichana ana haki ya kuwa na macho mekundu. Lakini kamweleze hayo mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa. Nchi hii yetu imekwisha kuzika vikongwe wengi kwa ajili ya rangi ya macho, na wanaojua walivyokufa bado wanasalimiana nasi njiani.

Malimi alimaliza darasa la saba, akabeba marobota ya pamba huko Maswa mpaka mgongo ukagoma, ndipo akarudi Bariadi na Constantine akampa kazi ya kufagia banda. Vijana walikuwa wanacheza gemu la mpira tu. Siku moja diski ya mpira ikakwaruzika, wateja wakaanza kunung'unika, na Constantine kwa kukata tamaa akaingiza diski nyingine iliyokuja na mashine alipoinunua Mwanza. Hakuna aliyewahi kuifungua. Mara wakaona nchi ambayo hakuna aliyewahi kuiona: minara mirefu imeegemeana, askari waliokwisha kufa lakini bado wanalinda lindo, joka limelala juu ya kanisa lililobomoka, na kijana mmoja mwenye upanga, uso umeungua, anatembea peke yake. Maneno yote yalikuwa Kiingereza, tena kile kizito ambacho hata mwalimu angekaa chini kwanza.

"Sasa huyu anakwenda wapi?" mtu akauliza.

Malimi alikuwa ameshika ufagio. Kiingereza chake kilikuwa cha kusema asubuhi njema. Lakini alifungua mdomo tu, na maneno yakaja. Akasema kijana anaitwa Ngosha, mtoto wa mtemi. Mtemi kafa, joka limeimeza ngoma ya utawala, na bila ngoma ile mvua hainyeshi. Shigela, fundi baiskeli aliyekuwa ameshika padi ya kuchezea, akaendelea kucheza, na Malimi akaendelea kusema. Ngosha alipopanda mlima wenye theluji, mzee mmoja wa nyuma akaguna: "Pamba ya nani ile, mbona haichumwi?"

"Ya joka," Malimi akajibu bila kupepesa. "Linasubiri bei ipande."

Loh! Banda lilitaka kuanguka. Tangu siku hiyo ufagio akapewa mwingine.

Watu wa vijijini wakija gulioni na mbuzi wao na choroko zao, wakishauza wanapitia kwa Constantine kumwona Ngosha. Shigela anacheza, Malimi anasimulia, wao wanakula karanga na kulia na kucheka. Malimi aliipenda kazi ile kuliko chakula. Mtu aliyebeba marobota maisha yake yote, leo akipita sokoni wanawake wanasimama: "Ngosha amefika wapi?" Alinunua shati jeupe. Alijiona mtu, na kweli alikuwa mtu.

Halafu wakafika bwawani.

Ndani ya gemu kuna bwawa la maji meusi, na katikati ya bwawa kibanda, na ndani ya kibanda bibi kizee anakoroga chungu. Shigela alimwingiza Ngosha mle, bibi akageuka, akasema maneno yake ya Kiingereza. Banda zima likamtazama Malimi. Alihitaji sauti ya bibi kizee, na ni bibi gani alimjua duniani kuliko yule aliyemlea? Akalibana koo, akaita kwa sauti nyembamba inayopanda mwishoni: "Njoo baba, njoo unywe uji!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Malimi, kwa kuona wanacheka, akaongeza. Huyu ni mchawi, akasema. Tazameni macho, mekundu kama pilipili! Kidole kimoja hana, alikitoa kama ada ya uchawi wake. Uji wake umekorogwa kwa nyongo ya ng'ombe wa watu, ndiyo maana ng'ombe wanakufa na hakuna mvua. Akamtembeza kwa mwendo wa sengi na kumkohoza kikohozi cha sengi. Kwake ulikuwa utani, tena utani wa mapenzi, kama mtu anavyomwigiza mama yake mbele ya ndugu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha wenyewe haukuchelewa.

Shigela akagundua kwamba bibi yule anaweza kuuawa. Ukimpiga kwa upanga anaanguka chunguni na moto unaruka hadi darini. Basi ikawa ndiyo sehemu inayosubiriwa. Kila gulio watu wanataka waanzie hapo. "Mchome! Mchome!" Akina mama na watoto mgongoni, wazee wa kanisa, vijana wa bodaboda, wote wanapiga miguu chini. Bibi anaita njoo baba, anachomwa, watu wanashangilia. Kisha Ngosha anaondoka, anakutana na joka, anakufa. Kila mara hivyo hivyo. Hakuna siku aliyolishinda joka, na Shigela akawa anailaumu padi.

Wakati wa mvua za vuli alijisitiri mle ndani dada mmoja, Judica, afisa mifugo aliyehamishiwa hapa kutoka Kilimanjaro. Alisimama mlangoni mpaka bibi akachomwa, mvua ikaisha, watu wakatoka. Akamfuata Malimi.

"Kaka, samahani. Yule bibi mnamuua kwa nini?"

"Si mchawi, dada yangu?"

"Mchawi wapi! Nimesoma maandishi pale chini. Anamwambia kijana akae apumzike, anampikia dawa ya kidonda cha moto. Yeye ndiye wa kumponya. Mkimuua, yule kijana anakwenda kwa joka na vidonda vyake. Atashinda vipi?"

Malimi alicheka. Alimwambia dada, hadithi bila chumvi nani ataila, na Judica akainua mabega akaenda zake. Lakini usiku huo kitanda kilimwasha kidogo, akageuka ukutani, akalala.

Haikupita miezi miwili akaja Elia, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye boma lake limepakana na la Milembe. Alikuja kwa baiskeli kutoka kijijini, vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Malimi anakunywa chai. Hakusalimia.

"Kaka, unasema nini huko kwenye banda lenu?"

"Kwa vipi?"

"Vijana wanapita nje ya kwa sengi wanaita, njoo baba, njoo unywe uji. Wanacheka. Nikadhani ni utoto. Sasa mtoto wa jirani kafa kwa homa, na fahali wawili wa boma la pili wamekufa wiki hiyo hiyo. Watu wazima ndio wanaosema sasa. Wanasema hata mjini ameonyeshwa kwenye televisheni, kidole na macho na kila kitu. Wanasema lisemwalo lipo." Elia akafuta uso. "Usiku wa kuamkia leo kuku wake wote wamekatwa vichwa, wamepangwa mlangoni kwake. Unajua maana yake. Wakija tena hawaji kwa ajili ya kuku."

Chai ilimwagika, na Malimi hakujua kama ni yeye aliyeimwaga. Alikwenda kijijini siku hiyo hiyo, nyuma ya baiskeli ya Elia.

Sengi alikuwa amekaa kizingitini, ananyonyoa manyoya ya kuku wa mwisho, maana nyama ni nyama. Alifurahi kumwona. Akampa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mwanamke wa umri ule, dunia imemgeukia, na bado anauliza kama mgongo wake unauma.

"Sijui maneno yangu wameyaokota wapi," akasema. "Wananiita kwa sauti yangu mwenyewe, baba. Mpaka nashtuka, nadhani nimeita mimi. Nimemkosea nani?"

Malimi alitazama chini. Maneno yalimfika hapa, kwenye meno. Mwanaume aliyeweza kusema saa nzima juu ya joka ambalo halipo, hakuweza kusema neno moja mbele ya mama aliyemlea. Akasema, "Hujamkosea mtu, sengi." Akamwomba waondoke wote waende Bariadi. Sengi akakataa. Mtama uko shambani, mbuzi watabaki na nani, na mtu akikimbia si ndiyo amekiri? Hapo alikuwa na akili kuliko wote.

Basi Malimi akaona dawa ni moja. Alivyoifunga hadithi, ndivyo ataifungua. Gulio lililofuata, wale wa kutoka upande wa Migato watakuwepo, atawasimulia upya, na wao watairudisha kijijini kama walivyoipeleka ile ya kwanza. Akamweleza Shigela kila kitu. Akamsihi: "Safari hii usimpige. Mwache atibu. Mtu wangu, nakuomba." Shigela akaapa kwa jina la mama yake.

Banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Ngosha akaingia bwawani. Bibi akageuka. Malimi akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakulibana koo. Akasema ndugu zangu, leo nimepata ukweli wa hadithi hii. Huyu bibi si mchawi. Ni mganga wa mtemi, ndiye aliyemlea Ngosha alipofiwa na mama. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kumpikia. Kidole alikipoteza akimlimia. Ngosha akinywa uji huu atapona, na ndipo atalishinda joka.

Kisha mtu akazomea.

"Umehongwa nini?"

"Amekulisha, Malimi! Amekulisha huyo!"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha siku zote. Kijana mmoja wa benchi la mbele, mwenye fimbo ya kuchungia, akasimama. Malimi alimfahamu, ni wa kijijini kwao. Akasema taratibu, kama mtu anayefundisha: "Wachawi ndivyo walivyo. Anakulea, anakulisha, halafu anakutuma umtetee. Tazameni, leo hata sauti hawezi kuiiga. Amemfunga koo."

Watu wakaguna. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Malimi akapaza sauti, akasema ni hadithi tu, ni mashine, hakuna bibi, hakuna bwawa. Nani alimsikia? Walikuwa wamekwisha kuanza kupiga miguu chini: "Mchome! Mchome!" Alimgeukia Shigela. Shigela alikuwa ameshika padi, watu wanamsukuma mgongoni. Akabonyeza, upanga wa Ngosha ukapanda, bibi akaanguka chunguni, moto ukaruka hadi darini. Makofi yakanyesha kama mvua ya mawe.

Ndipo Malimi alipojua alichokifanya. Kuipamba hadithi aliweza, na kuibeba aliweza. Kuirudisha alikoitoa, hapana. Ilikuwa mali yao sasa. Akakiweka kipaza sauti juu ya benchi, akatoka, na Constantine alipomwita kwa hasira hakugeuka.

Hakungoja gulio jingine. Kesho yake alikodi bodaboda mbili, moja ya sengi na moja ya mizigo, akamdanganya kwamba daktari mjini anatibu macho bure na kwamba ni wiki moja tu. Kwa ajili ya macho akakubali. Mbuzi wakabaki kwa Elia. Njia nzima Malimi, aliyekaa nyuma ya sengi akamkumbatia asianguke, alikuwa anahesabia kichwani faida za mji. Mjini hakuna anayejua ng'ombe wa nani wamekufa. Mjini watu wana shughuli zao, jirani yako hakujui jina. Waliposhuka kwenye chumba chake alihema kama mtu aliyetua robota. Kwa mara ya kwanza tangu Elia aje, alicheka. Akamchemshia sengi uji yeye mwenyewe, akamwambia apumzike, asitoke, kuna jua kali.

Alilala fofofo. Asubuhi akaenda sokoni kutafuta vibarua, mgongo au si mgongo, akapata kushusha magunia ya mpunga. Mchana akapita kumwangalia.

Sengi alikuwepo, amekaa kitandani, miguu haifiki sakafuni, uso umemchangamka. Mlangoni kulikuwa na ndoo imejaa maji.

"Sengi, nilisema usitoke."

"Nikae kama kuku wa kutaga? Maji yalikwisha, nikaenda bombani." Akapiga paja. "Baba, Bariadi pazuri! Watu wa hapa wana adabu, siyo wale wa kwetu. Nimekuta foleni ya ndoo mpaka barabarani. Nikawasalimu tu, mwadila, nikauliza wa mwisho nani. Basi wote wakanyamaza, wakanipisha! Mama mmoja aliacha ndoo yake ikimwagika anipe nafasi. Watoto nao wakanitazama mkono, wakakimbia kwenda kuwaita wakubwa wao waje kunisalimu."

Malimi alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Wakaja?"

"Wakaja, vijana wa bodaboda na wengine. Wamesimama kwa heshima, mbali kidogo. Mmoja akaniuliza, bibi umefikia kwa nani? Nikasema kwa mwanangu. Hawajui kwako? Nikawaonyesha mlango." Akatabasamu, macho yake mekundu yakimtazama kwa upendo wote aliokuwa nao. "Ungenileta zamani, baba. Zamani kabisa."

Malimi akainuka. Jua lilikuwa bado katikati ya mbingu na mtaa mzima ulikuwa kimya, hata redio za majirani zimezimwa. Akaivuta ndoo ndani, akaufunga mlango kwa komeo, kisha akasukuma kitanda kuuegemea, na sengi juu yake, akicheka na kuuliza anafanya nini.